Uradi wa Kiti cha Mbele

Asubuhi ile ya Jumamosi, mwezi wa Julai, gari la Twalibu lilipotoka Gongoni, Tabora, kuelekea magharibi, kati ya watu wanne waliokuwamo ni wawili tu waliojua kwamba dereva alikuwa akipoteza macho. Mmoja alikuwa dereva mwenyewe. Wa pili alikuwa mkewe, Maua, aliyeketi kushoto kwake, tasbihi ya mbao imezungushwa kiganjani, akivuta uradi kwa sauti ya chini isiyokatika.

Nyuma yao waliketi wasiojua. Nasri, kitindamimba wao, fundi simu wa miaka ishirini na tisa, alikuwa na leseni ya udereva ambayo kwa miaka mitatu haikuwahi kuonja usukani wa baba yake. Kando yake alikuwapo mjukuu wao Shamila, mwenye miaka minane, aliyelelewa Tabora kwa ajili ya shule. Mama yake Shamila, Najiat, alikuwa mwalimu katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kesho yake kichanga kingetimiza siku arobaini. Shamila alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake kwa mara ya kwanza. Tangu Alfajiri alikuwa ameuliza mara sita kama mtoto wa siku arobaini anaweza kucheka.

Habari ya macho ilikuwa imefika mwezi Mei. Daktari alimpima Twalibu mchana kutwa, kisha akawaketisha mume na mke katika chumba chenye feni iliyokufa. Presha ya macho, alisema. La kulia limekwisha. La kushoto linaona mbele tu, kwa tundu jembamba, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na tundu hilo litazidi kuziba. Akaandika kwenye cheti kwamba mgonjwa asiendeshe chombo chochote cha moto. Walipofika nyumbani Twalibu alikikunja cheti mara nne, akakitia chini ya godoro, akamwambia mkewe, "Neno hili lisitoke chumba hiki, Mama Najiat. Niache nimpeleke mtoto kwa mama yake kwa mkono wangu. Nikirudi, funguo nakukabidhi wewe."

Maua aliahidi. Ili ieleweke kwa nini mwanamke mwenye akili timamu aliahidi jambo kama lile, yapasa kumweleza kidogo.

Alizaliwa Kwihara, akamzika mama yake akiwa na miaka kumi na mmoja, akachukuliwa na shangazi yake mjini, ambaye alikuwa mshona magodoro ya sufi. Kwa shangazi alijifunza kuchambua sufi mpaka mbegu ya mwisho, kuijaza guniani kwa mikono miwili, na kupitisha sindano ndefu kutoka upande mmoja hadi wa pili pasipo kuona ncha yake, kwa kusikiliza tu inavyokwaruza. Aliolewa na Twalibu akiwa na miaka kumi na tisa. Wakati ule Twalibu alikuwa utingo, kijana mweusi kwa vumbi aliyening'inia nyuma ya lori la tumbaku. Miaka minne baadaye akapewa usukani, na usukani huo akaushika kwa miaka thelathini na minne, Urambo, Kaliua, Tabora, kiangazi na masika. Hakuua hata kuku. Mjini hakuitwa mzee, wala baba fulani. Aliitwa Dereva, na watoto wake waliitwa watoto wa Dereva, na Maua mwenyewe, sokoni, alikuwa mke wa Dereva hata kwa watu waliolalia magodoro yake. Kumwondolea mtu kama huyo usukani mbele ya mwanawe kulikuwa, kwa Maua, sawa na kumvua nguo sokoni. Tena alikuwa na utaratibu wake wa ndoa ambao hakuwahi kuuvunja: la kumpinga mume huambiwa chumbani, mlango umefungwa, kamwe si mbele ya watoto.

Basi wakatunga njia yao. Haikutungwa kwa kikao, iliota yenyewe. Maua alikuwa mtu wa uradi tangu ujanani, na kwenye gari hakuacha kuuvuta. Mwezi Juni, wakienda sokoni, Twalibu aligundua kwamba mkewe alinyamaza kila alipoona hatari: mwendesha baiskeli, ng'ombe, mtoto anayevuka. Naye akawa anapunguza mwendo kila aliponyamaza. Siku moja alisema bila kugeuza uso, "Wewe soma tu. Ukisoma najua kweupe. Ukinyamaza, nakanyaga breki." Bibi yake Maua alizoea kumsimulia habari za wapagazi waliopita Kwihara na mizigo vichwani, wa mbele akitaja kwa sauti jiwe na shimo ili wa nyuma wasijikwae. Maua alijiambia kwamba hata yeye alikuwa akifanya kazi ya mtu wa mbele. Alijiambia hivyo mara nyingi, kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia.

Mpaka Kaliua hapakuwa na tatizo. Njia ile Twalibu aliijua kwa nyama ya makalio. "Tuta hilo," alisema kabla ya tuta, na tuta likaja. "Kona ya mwembe uliokatwa." Kona ikaja.

"Mzee ana ramani kichwani," alisema Nasri.

"Ramani inachorwa na aliyekaa ofisini," alijibu Twalibu. "Mimi hii nimeilima."

Shamila alicheka. Maua naye alitabasamu, huku shanga zikipita kidoleni, Subhanallahi, Subhanallahi, na macho yake hayakuondoka barabarani hata kwa kupepesa kope. Baada ya Nguruka Twalibu aliacha kutangaza matuta. Barabara ilikuwa mpya, nzuri, ngeni kwake. Mabega yake yalipanda kidogo kidogo, na Maua alijikuta akiyatazama mabega yale kama mtu anavyotazama maziwa jikoni.

Uvinza walisimama kula na kuswali Adhuhuri. Nasri alimaliza wali wake mapema, akasogea karibu na baba yake.

"Baba, umekaa saa sita kwenye kiti. Nikupokee kuanzia hapa, wewe ulaze mgongo."

"Nikupokeze wewe? Wewe uliyeipindua bajaji ya jirani yetu Adriano ikiwa imeegeshwa?"

"Ilikuwa kwenye mteremko, Baba."

"Na sisi tunakwenda kwenye mteremko. Malizia maharage yako."

Mhudumu aliyekuwa akikusanya sahani alicheka kwa sauti, na Nasri akacheka kwa aibu. Maua alisubiri mpaka walipokwenda kutia udhu. Bombani, maji yakipiga karai, aliinama karibu na mumewe.

"Baba Najiat. Mpe mtoto gari."

"Uliniahidi."

"Niliahidi kwa barabara unayoijua."

"Hukusema hivyo. Ulisema ndiyo." Twalibu alipangusa uso kwa kiganja, na jicho lake la kulia likabaki wazi ndani ya maji bila kufumba. "Zimebaki saa tatu. Nakuomba saa tatu, Maua, baada ya miaka arobaini."

Alimwita kwa jina. Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. Maua akafunga bomba, akanyamaza, na kwa kunyamaza kule akakubali tena.

Waliacha lami wakashika barabara ya vumbi iendayo kusini. Kwa muda palikuwa na migomba na michikichi, watu wengi kandokando, na Maua alinyamaza na kusoma, akasoma na kunyamaza, na gari likaenda kwa kuvutwa na ulimi wake. Kisha barabara ikapanda kilima, ikakata kona juu ya genge, na ziwa likatokea.

Maua alikuwa hajawahi kuliona. Katika umri wake wote maji makubwa aliyoyajua yalikuwa bwawa la Igombe. Hapa chini ya gurudumu, upande wa kulia, ardhi iliishia ghafla, na baada yake palikuwa na buluu isiyo na mwisho, imetandikwa mpaka mbali ambako milima ya Kongo ilisimama kama moshi uliokataa kuondoka. Mchanga mweupe ulipinda chini ya miamba, na karibu na ufuko maji yalikuwa ya kijani angavu mpaka mawe yaliyozama yakahesabika. Mdomo wa Maua ulibaki wazi, ila sauti haikutoka.

Twalibu akakanyaga breki.

Gari liliserereka juu ya changarawe likasimama limeinamisha pua. Nyuma yao honi ililia, ndefu, na lori lililobeba magunia ya dagaa likawapita kwa shibiri moja upande wa mlima, utingo akiwa ametoa kichwa nje. "Mzee! Unapiga picha?"

"Baba, vipi?" Nasri alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mbuzi," alisema Twalibu.

"Mbuzi gani?"

"Babu, mimi sijaona mbuzi," alisema Shamila.

"Nimemwona mimi," alisema. "Mweupe. Ameingia majanini."

Katika kioo Maua aliyaona macho ya mwanawe yakitulia kisogoni mwa baba yake na kubaki hapo. Gari likaondoka. Maua alianza uradi upya, na safari hii aliapa moyoni kwamba ziwa hilo na lijipambe litakavyo, ulimi wake hautasimama tena kwa uzuri. Angesoma bila kukoma. Aliapa hivyo kwa ajili ya usalama wao.

Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kuingia kwa kioo cha dereva, na maji yalilirudisha juu, hivyo mwanga ulitoka mbinguni na chini kwa pamoja. Twalibu aliinamia usukani. Barabara ilikuwa ya gari moja. Mahali pengine mvua za masika zilikuwa zimeitafuna kutoka upande wa ziwa, zikaacha kingo laini zilizoning'inia. Kila baada ya dakika kadhaa tairi la kulia lilikanyaga karibu na ukingo mpaka Maua akasikia vijiwe vikiporomoka, na kila vilipoporomoka alitaka kusema, Baba Najiat, kushoto, na alikumbuka kwamba Nasri anasikiliza. Sauti ya uradi ikapanda. Shamila alilala, kichwa mapajani mwa mjomba wake.

Kona ilikuwa ya kulia, kali, juu ya miamba. Wakati inafunguka Maua aliona mtu anakuja kwa miguu, akisukuma baiskeli iliyofungwa madumu manne ya mawese, mawili ubavuni na mawili nyuma. Alikuwa upande wa ziwa, pembeni kabisa, hakuwa na mahali pengine pa kusogea. Na gari lilikuwa likimwendea moja kwa moja.

Hapo Maua alifanya alichofanya kila mara alipoogopa, tangu siku aliyomzika mama yake, tangu uchungu wa kwanza wa uzazi, tangu kila usiku wa masika lori lilipochelewa. Alimwomba Mungu. Uradi ulimtoka kwa nguvu, haraka, neno juu ya neno, sauti ikajaa gari. Na Twalibu, aliyesikia sauti hiyo ya mkewe ikisoma bila kukatika, akajua kwamba mbele ni kweupe, akaongeza mafuta kidogo ili apande.

Mtu yule aliiachia baiskeli akatoweka ukingoni. Chuma kikalia chini ya gari. Kitu kikaburuzwa, kikapasuka, na kioo cha mbele kikamwagikiwa na wekundu.

Nasri alipiga kelele, "Simama! Baba, simama!" Shamila aliamka, akauona wekundu, akaanza kulia kwa sauti ambayo Maua hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtoto. Gari likasimama. Twalibu alikuwa bado ameshika usukani, akainama upande wa mkewe, akamnong'oneza swali ambalo Maua alilisikia kwa miezi mingi baadaye kila alipochoma sindano kwenye godoro.

"Nimegonga nini?"

Hakuwa ameona. Hakuona baiskeli, hakuona mtu, hakuona hata kivuli.

Nasri alikuwa ameshatoka mbio. Sauti yake ikatoka chini ya ukingo, "Yuko hai! Ni mafuta, Mama, ni mawese tu!" Maua alishuka. Mtu yule alikuwa ametua juu ya kichaka kama mita tatu chini, juu kidogo ya mahali miamba inapoanza kushuka wima mpaka majini. Nasri alimvuta kwa mkono. Kiwiko kilikuwa kimechubuka mpaka nyama, shati limepasuka mgongoni. Jina lake, walilijua baadaye, lilikuwa Hilari. Alikaa barabarani akaitazama baiskeli yake iliyojikunja chini ya gari, na mawese yakishuka polepole kwenye mchanga mwekundu, akasema tu, "Loo. Loo."

Nyuma yake, kwenye kona, alitokea mkewe, Advera, na karai la mihogo kichwani. Alilitua taratibu. Alimpapasa mumewe kichwa, mbavu, miguu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyooka.

"Dereva ni nani?"

"Ni mimi," alisema Twalibu. Alikuwa ameshuka na kusimama karibu na mlango, mkono mmoja juu yake. "Pole sana, mwanangu. Lakini kijana alikuwa katikati ya njia. Na jua hili."

"Katikati?" Advera alicheka bila furaha. "Mzee wangu, shikamoo kwanza, nisije nikakutukana kabla ya salamu. Katikati ipi? Mtu katoka shimoni, huyo hapo, umemwona anatoka shimoni! Aliyekuwa katikati anarukia ziwani kufanya nini, kuoga?"

"Dada, subiri," alisema Nasri. "Baba yangu ana miaka thelathini na minne kwenye barabara za Tabora. Hajawahi kugusa hata kuku. Huenda shemeji alisogea bila kujua, mzigo ulimvuta..."

"Hajawahi, basi leo kaanza! Na kuku mwenyewe ni mume wangu!"

"Sijasema hivyo."

"Nyie watu wa Tabora mna maneno laini kama asali yenu. Nenda kaipime hiyo alama ya tairi." Advera alimwacha Nasri kama mtu anavyoacha mlango uliofungwa, akamgeukia Maua. "Wewe mama ulikaa mbele. Una macho. Una wajukuu. Sema wewe: mume wangu alikuwa wapi?"

Hapakuwa na chumba pale, wala mlango wa kufunga. Palikuwa na barabara ya gari moja, watu watano na mtoto anayelia, na chini yao maji yaliyong'aa kwa uzuri ule ule. Maua alimtazama mumewe. Twalibu alikuwa amegeuza uso kumwelekea yeye, lakini macho yaliangukia pembeni ya bega lake, karibu, si penyewe. Maua akautazama ukingo uliomeguka pale Hilari alipoanguka, na mahali tairi lilipopita: kutoka tairi hadi hewani palikuwa na upana wa kiganja. Nyuma ya tairi lile ndipo Shamila alipokuwa amelala.

"Mumeo alikuwa pembeni kabisa," alisema Maua. "Hana kosa hata chembe. Mume wangu hakumwona."

"Mama Najiat," alisema Twalibu.

"Hakumwona kwa sababu haoni. Jicho moja limekufa, la pili linakufa. Daktari alimkataza tangu mwezi wa tano. Mimi nilijua, nikapanda naye gari, nikampandisha na mtoto." Aligeuka kwa Nasri. "Hakukuwa na mbuzi. Nilikudanganya."

Nasri alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, na uso wake ukapita hasira, ukapita kitu kingine kibaya zaidi, ukabaki uso wa mtu mzima. Hata Advera alishusha mikono. Akaokota kanga yake iliyoteleza, akaufunga mkono wa mumewe, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imepungua makali. "Basi mzee asiendeshe tena. Hii barabara yetu haina huruma hata kwa wenye macho mawili."

Walikubaliana yale yaliyopasa kukubaliwa: Hilari apelekwe zahanati ya kijiji cha mbele, baiskeli ifungwe juu ya gari, na habari ya baiskeli na mawese imalizwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, Twalibu mwenyewe akiwapo. Nasri aliifunga baiskeli. Alipomaliza alisimama mbele ya baba yake akanyoosha kiganja. Twalibu akaweka funguo kwenye kiganja kile, akakikosa mara ya kwanza, akakipata mara ya pili.

Lakini hakuingia garini. "Nendeni," alisema. "Nitatembea."

"Baba..."

"Nimesema nitatembea."

Wakaondoka hivyo: Hilari kiti cha mbele, nyuma Advera, na Maua akiwa amempakata Shamila, Nasri akiendesha kwa mwendo wa jeneza, na Twalibu akitembea upande wa mlima, kiganja chake kikiwa juu ya bati la gari, karibu na dirisha la Maua. Maua angeweza kukigusa. Hakukigusa. Alijua kwamba kwa siku nyingi, huenda kwa miezi, mume huyu hatamwita kwa jina wala kwa jina la mtoto, kwamba kesho kwenye arobaini atakaa na wanaume na hatauliza chakula chake kiko wapi. Alilipima jambo hilo lote, akalipima na ule upana wa kiganja kati ya tairi na hewa, na hakuona namna ambayo angesema tofauti, isipokuwa kwamba angelisema bombani Uvinza.

Kona ya kwanza ikapita, na ya pili. Shamila alikuwa ameacha kulia, akikitazama kiganja cha babu yake juu ya bati. Kwenye mwinuko Nasri alibadilisha gia. Gari likaruka, likakohoa, likakaribia kuzima.

Kiganja kikagonga bati mara mbili. Nasri akasimamisha. Twalibu aliutafuta mpini wa mlango wa nyuma, akaupata, akafungua, akajibana kando ya mjukuu wake huku akipumua kwa nguvu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Nasri," alisema.

"Naam, Baba."

"Hiyo klachi ni ya kuachia polepole. Wewe unaikanyaga kama unaua nge."